Namna ya Kuwatagi Watu Hamsini Wasiokuja

Kabla ya yote, hakikisha shughuli yako haina sababu ya kumtoa mtu nyumbani. Shughuli yenye sababu, kama ile inakogawiwa mbolea ya ruzuku, au ile ambayo ng'ombe wanne wamechinjwa tangu alfajiri na moshi unaonekana hadi kijiji cha pili, haihitaji mwongozo wa mtu. Hiyo itajaa hata ukiweka mgambo mlangoni. Mwongozo huu ni wako wewe unayezindua duka la nne la pembejeo kwenye mtaa wenye matatu yasiyo na wateja. Wewe mwenyekiti wa kamati ya sendofu ya binti wa shemeji wa jirani. Na wewe uliyeota usiku mmoja kwamba kinachopungua Nyamilangano ni tamasha la mitindo. Nyinyi ndio mnaohitaji tagi.

Kwa msomaji wa mbali: Ushetu ni halmashauri iliyotokea mwaka 2012, Wilaya ya Kahama ilipogawanywa mafungu matatu. Msalala ikaondoka na mgodi wa Bulyanhulu. Kahama Mji, inayoitwa Manispaa tangu 2021, ikabaki na mgodi wa Buzwagi, stendi, mabenki na kumbi zenye viyoyozi. Sisi tukapata tumbaku, mahindi, asali na umbali. Buzwagi yenyewe ilifungwa mwaka huo huo Kahama ilipopanda cheo, lakini umbali wetu haujapungua hata hatua moja. Mtu wa Ulowa hapandi bodaboda kuja makao makuu Nyamilangano ili asikilize risala. Ukitaka aje, umpe habari mapema, umpe sababu, kisha umkumbushe, na bado anaweza kuamka siku hiyo akakuta bani lake la tumbaku linavuja moshi. Kazi yote hiyo inachosha.

Wazee waliifanya kazi hiyo bila kulalamika kwa sababu walikuwa na mwano. Sungusungu, iliyoanzia huku huku kwetu, mpakani mwa Kahama na Nzega mwanzoni mwa miaka ya 1980, iliutumia ukelele ule kuita watu. Ukipigwa, wanaume wanatoka na silaha zao, kijiji kinachofuata kinaupokea na kuusogeza mbele, na asiyetoka anatozwa faini. Tazama ufanisi wake. Ujumbe unafika bila bando, kila anayeupokea anausambaza, na kuupuuza kuna gharama. Tagi imeiga hilo la kwanza, ukitoa bando, na imejaribu hilo la pili. La tatu imeliacha, na ndiyo maana mpaka leo hakuna mtu aliyelipishwa mbuzi kwa kutobonyeza kile kidole gumba.

Halafu kuna Bagalu na Bagika, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma ambavyo masimulizi yanavitoa kwa mahasimu wawili, Gumha na Ngika, waliokuwa wachezaji na mabingwa wa dawa. Wakishindana, pande zote mbili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyewavuta watazamaji wengi zaidi. Ukienda Bujora, Kisesa, kwenye sikukuu ya Bulabo mwezi Juni, utaliona jambo hilo kwa macho: umati unahama kutoka duara hili kwenda lile, unarudi, unahama tena, na katikati yuko mtu aliyejivisha chatu, na mwingine anarusha jembe hewani na kulidaka kwa mgongo. Hapo kila chama kimeshapitia kwa mganga wake kuchukua dawa ya mvuto, lakini angalia kwamba hakuna aliyeiamini dawa kiasi cha kumwacha chatu nyumbani.

Sisi tumeyavuka hayo. Desemba 2005 vijana wa Facebook huko California waliweka kitufe kinachomwezesha mtu kubandika jina la mwenzake juu ya picha, na mwenzake akapata taarifa papo hapo bila kuulizwa kama anataka. Tangu siku hiyo chatu hana kazi.

Sasa picha. Wanaoanza hukosea kwa kupiga picha ya kitu kinachouzwa: mfuko wa mbegu wenye bei yake, mlango wa duka, sahani ya pilau. Picha ya namna hiyo inamjibu mtazamaji maswali yote, naye akishajibiwa anaendelea na safari. Picha sahihi ni yako wewe, umevaa suti, simu iko sikioni kama unayeongea na Dodoma. Mpelekee kijana wa stesheneri pale Kahama akutolee bango. Yeye ana uzoefu. Atakukata masikio kidogo wakati wa kuondoa ukuta ulio nyuma yako, atakuweka katikati ya miale ya dhahabu, ataongeza trekta ambalo huuzi, atapanga nyuso za MC wawili na DJ mmoja, na mgeni rasmi atamchora kivuli cheusi chenye alama ya kuuliza, kwa kuwa mgeni rasmi hajathibitisha na wala hajui. Tarehe iandikwe kwa herufi ndogo kuliko zote, chini kabisa, igusane na namba ya simu ya huyo kijana. Mahali andika "ukumbi ule ule".

Instagram inaruhusu majina 20 kwa picha moja, Facebook inaruhusu 50. Ushetu ni watu wa Facebook, na hata tusingekuwa, 50 ni zaidi ya 20. Na kwa vile hakuna hata mmoja wa hao hamsini aliyemo pichani, itabidi uwatafutie mahali. Viongozi wakae mawinguni, juu ya miale. Wafanyabiashara waweke kwenye trekta. Suruali yako ina nafasi ya madiwani wawili. Padri usimbandike kwenye spika za DJ, watu wana maneno. Magazeti ya zamani yalihangaika sana na jambo hili, yakiandika "wa tatu kutoka kushoto, waliosimama", msomaji akihesabu kwa kidole hadi ampate mjomba wake. Walikuwa na ushamba wa kudhani kwamba anayetajwa chini ya picha lazima awe amepigwa picha.

Kuwachagua hamsini wenyewe ndiko kunakotenganisha fundi na mbabaishaji, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Anza na mkuu wa wilaya, mbunge na mkurugenzi. Usiwaandikie barua. Barua ina tarehe, inapokelewa, inagongwa muhuri, na inaweza kujibiwa kwamba hawatakuja. Tagi haijibiwi, na jambo lisilojibiwa unaweza kulitangaza kuwa limekubaliwa. Baada yao weka watu maarufu wa Dar es Salaam. Mtagi Diamond Platnumz. Mtagi Millard Ayo. Hakuna njia ya wao kujua kwamba mwaliko unahusu dawa ya viwavijeshi, lakini jirani yako akipitia orodha na kukuta jina la Diamond limekaa juu ya trekta, ataanza kukusalimia kwa jina lako kamili.

Wanafuata wana-Ushetu wa nje: walioko Mwanza, Dodoma, Muscat na wale wa Ulaya wanaoposti theluji. Hawa ndio uti wa mgongo wa tagi. Hawawezi kuja, wanajua kwamba unajua hawawezi kuja, na kwa hiyo tagi kwao haina maana nyingine isipokuwa ile yenyewe: namba ya kutuma mchango. Tofauti na kadi ya mchango, ambayo mtu anaweza kuisahau juu ya kabati, tagi inaonekana na marafiki zake wote, wakwe zake na bosi wake. Umemkopa jina mbele ya watu, na sasa lazima alikomboe. Wengine hutuma hela siku hiyo hiyo wakiomba uwatoe. Hao warudishie shukrani, uwaache palepale.

Kisha waweke wachimbaji. Vijana wetu wengi wako Geita na kwenye rashi za dhahabu za huku na huku, ndani ya maduara, yale mashimo ya uchimbaji, ambako mtandao haufiki. Tagi itamsubiri juu. Akitoka na kuwasha simu, kabla hajaosha uso, atakuta kwamba tangu Jumatatu yeye ni mjumbe wa kamati ya ukumbi.

Wakulima wa tumbaku wana wakati wao. Usiwatagi Januari, mwezi ambao kila mmoja yuko shambani na anadaiwa pembejeo. Subiri masoko yafunguliwe, chama cha msingi kipeleke marobota, tumbaku ipangwe madaraja. Tumbaku inauzwa kwa mkataba wenye bei ya dola, na dola ina njia ndefu ya kupita kabla haijawa shilingi mfukoni mwa mtu wa Igwamanoni. Wewe mtagi siku ile ile robota lake linapopimwa. Tagi itamfikia kabla ya hela, na kwa siku kadhaa atakuwa mtu anayejulikana mtandaoni kuwa na fedha ambazo hajaziona.

Na katika kupitia majina utakutana na mawili matatu ya watu tuliokwisha kuwazika. Akaunti zao ziko wazi, zinapokea mialiko, na kila mwaka tunazitakia heri ya kuzaliwa. Kitufe hakibagui. Nimeona bango la kicheni pati likiwa na jina la mama mmoja aliyefariki muda mrefu, na chini yake komenti saba za "tutakuwepo pamoja".

Ukishamaliza, jiandae kwa simu. Zitakuja chache, nazo zitakuwa za watu wazima, maana kijana akitagiwa hukaa kimya tu. Mazungumzo huwa hivi, kuanzia salamu ya Kisukuma ("mayu" ni mama):

"Mwangaluka, mwenyekiti."

"Mwangaluka, mayu. Umeiona tagi?"

"Nimeiona. Umeniweka kwenye tairi."

"Ni heshima hiyo, mayu. Tairi ndilo linalobeba trekta."

"Haya. Na shughuli yenyewe ni lini?"

"Imeandikwa pale chini."

"Pale chini kuna namba ya simu. Nimeipiga, kijana amesema yeye anatengeneza mabango tu, ila kama nina msiba atanifanyia nafuu."

Usibishane naye. Mwambie utamtumia tena, kisha mtagi upya.

Tukitoka kwenye shughuli zetu twende kwenye za wenzetu, maana tagi si ya kuita watu tu, ni ya kukutana nao bila kukutana nao. Mahali pa kujifunzia ni Geita. Tangu 2018 mkoa ule una maonesho ya teknolojia ya madini kila mwaka, ambayo kwa muda sasa yanafanyika viwanja vya Bombambili. Wanakuja wauza mitambo, mabenki, taasisi za serikali, migodi mikubwa na wachimbaji wadogo. Mtu makini angeweza kushinda pale akiuliza karasha hili la kusaga mawe linakula umeme kiasi gani, zebaki inaweza kuachwa vipi, nani anakodisha mashine ya kuvuta maji duarani. Wewe hukwenda kwa ajili hiyo. Tafuta banda lenye zulia, subiri msimamizi wake ageuke kunywa maji, simama mbele ya bango lao lenye jina kubwa, piga picha ukiwa umeshika kipeperushi chao na kukitazama kwa uzito. Watagi. Andika: "Tumekutana na wadau na kubadilishana uzoefu." Ulichobadilishana ni kipeperushi kwa jasho la mkono, lakini neno wadau halimwulizi mtu maswali.

Ni kweli kwamba kanuni za madini za mwaka 2018 zinaitaka migodi itangulize bidhaa na huduma za Watanzania, na ni kweli kwamba viazi, sare, mafuta, ulinzi na usafiri vyote vinanunuliwa. Ila mtu wa manunuzi anataka usajili wa kampuni, namba ya mlipakodi, leseni, na bei iliyoandikwa. Zabuni za serikali nazo zimehamia kwenye mfumo wa mtandaoni wa NeST tangu 2023, na huko hakuna sehemu ya kupandisha picha yako mbele ya banda. Hayo ni maelezo ya wavivu wasiopenda kutabasamu. Wewe endelea kutagi mgodi. Anayeendesha ukurasa wa mgodi ni kijana wa ofisi ya mawasiliano, na siku moja anaweza kubonyeza kidole gumba kwa bahati mbaya.

Kuna hatari, nazo lazima zitajwe, maana mwongozo usio na tahadhari huonekana wa kitapeli.

Tagi ni shahidi asiyeitwa. Umewapiga picha watu ukumbini Kahama, meza imejaa, kila mtu ana chupa mbele yake. Katikati yuko bwana mmoja aliyemwambia mkewe kwamba yuko kwenye rashi, mtandao mbovu, maisha magumu, anakula muhogo. Unambandika jina kwa upendo. Kabla nyama haijapoa simu yake inaita. Hapo umemuunganisha na mtu muhimu kweli kweli, lakini usitegemee atakuja kwenye uzinduzi wako.

Mchimbaji ana shida kubwa zaidi. Kwenye dhahabu, kila mtu ana fungu: mwenye eneo, mwenye duara, mwenye karasha, wenzake wa shimoni, aliyekopesha chakula, na broka. Soko la dhahabu la Geita, la kwanza nchini, lilizinduliwa Machi 2019 ili biashara ifanyike mahali panapojulikana, kila gramu iandikwe na serikali ipate chake. Basi kijana mmoja anashika jiwe la mbale linalometa, mwenzake anampiga picha na kumtagi na maneno "Mungu ni mwema". Kufikia jioni Mungu ameshapigiwa simu na wadai wote. Wanakuja shangazi wasiojulikana ni wa upande gani. Anakuja mwenye karasha na daftari. Na jiwe lenyewe, likisagwa, linaweza kuwa la kawaida tu. Nimewasikia wachimbaji wakongwe wakisema kwamba mwenye dhahabu hapigi picha, na mwenye picha hana dhahabu. Wale ni watu wa masoko kuliko sisi sote, ila bidhaa yao ni ukimya.

Sheria ipo pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa na Rais Aprili 2024. Kwa ufupi, jina na sura ya mtu ni mali yake, na anayezikusanya kwa ajili ya biashara anatakiwa awe na ruhusa na sababu. Wenzetu wa Illinois, Marekani, waliipeleka Facebook mahakamani kwa sababu ilikuwa inatambua sura zao pichani na kupendekeza majina, ikaishia kulipa dola milioni 650. Novemba 2021 kampuni ikaachana na utambuzi huo na kusema itafuta alama za sura za zaidi ya watu bilioni moja. Ushetu hatukudai hata vocha. Lakini usifikiri watu wamelala. Facebook na Instagram zote zina mahali pa kuweka kwamba tagi isionekane kwenye ukurasa wa mtu hadi mwenyewe aikubali, na pa kujiondoa jina, na vijana wameshawaonyesha mama zao. Kama majina yako hamsini yamebaki kumi na moja kufikia jioni, usilaumu mtandao.

Watu wanaopenda kuharibu starehe watakutajia IKEA. Mwaka 2009 kampuni hiyo ya samani ilifungua duka Malmö, Uswidi. Hawakuwa na fedha nyingi za matangazo, basi wakamfungulia meneja wa duka ukurasa wa Facebook, na kwa wiki mbili akawa anapandisha picha za vyumba vilivyopangwa vizuri: kitanda, kochi, taa, zulia. Sharti lilikuwa moja. Wa kwanza kubandika jina lake juu ya kitu, kitu ni chake. Watu wakakesha. Wakawa wanaomba picha zaidi, na kila aliyejibandika kwenye kochi, marafiki zake waliliona lile kochi kwenye kurasa zao. Duka likatangazwa na wateja wenyewe.

Ukiniuliza mimi, waliikosea tagi kabisa. Kwanza, walitoa kitu. Pili, picha ilikuwa ya samani, meneja mwenyewe haonekani, hana suti, hana simu sikioni. Tatu, na hili ndilo baya zaidi, jina lilibandikwa na mwenye jina. Fikiria ukifanya hivyo Nyamilangano: upige picha rafu ya duka, useme wa kwanza kujibandika kwenye bomba la kupulizia dawa anakuja kulichukua siku ya uzinduzi. Utapata vurugu. Watu watatoka Chambo na Bulungwa, watauliza bei ya mbegu, watarudi wiki inayofuata. Na wewe utakuwa umetoa bomba bure.

Ipo njia nyingine ya kuchosha, naitaja ili usiseme nilikuficha. Baadhi ya wapambaji, wapishi, wakodisha maturubai na wapiga picha za harusi wa Kahama wameshaigundua. Shughuli ikiisha, wanachagua picha tatu nzuri. Wanamwuliza bibi harusi kama anaridhia. Wanaziposti na kutagi waliofanya kazi tu: huyu alipamba, huyu alipika, keki ni ya huyu, gari ni la yule, na namba za simu ziko chini kwa herufi zinazosomeka. Kila aliyetagiwa anaisambaza kwa wateja wake, kwa kuwa ni kazi yake inayosifiwa. Mama wa Ukune anayepanga harusi ya mwanawe baada ya mauzo ya tumbaku anaikuta kwenye stetasi ya WhatsApp ya dada yake, anaona kitambaa anachokitaka, anapiga. Haina viongozi, haina miale. Siipendekezi, maana inahitaji kwanza uwe umefanya kazi nzuri, halafu umwombe mtu ruhusa, na mambo mawili hayo yakikutana siku moja hupati muda wa kuvaa suti.

Siku ya shughuli ifike. Jenereta liwashwe, turubai lifungwe upande jua linakotoka, viti vipangwe mia mbili. Katika wale hamsini atakuja mmoja, naye ni MC uliyemlipa nusu. Lakini hapatakuwa patupu. Watakuja wakulima waliolisikia gari la matangazo lilipozunguka mnadani, ambalo shemeji yako alilikodi kwa hela yake bila kukuuliza. Watakuja akina mama waliosikia tangazo kanisani Jumapili. Watakuja watoto, hao hawahitaji njia yoyote ya mawasiliano iliyowahi kubuniwa. Wengi wa hawa wana kitochi, akaunti hawana, na ukitaka kuwabandika jina hutapata pa kubonyeza. Watauliza kama mbolea imefika. Watanunua paketi za mbegu za nyanya, wataomba maji, watakaa hadi hotuba iishe kwa sababu wamelelewa vizuri.

Wapige picha ya pamoja. Watoto mbele, wazee kwenye viti, mzee mwenye kofia ya chama cha msingi awe katikati karibu na wewe, akina mama wasogee wajaze nafasi. Usiku, ukipata mtandao pale kichuguuni, ipandishe na maneno "Tunawashukuru wadau wote mliofika". Sasa bonyeza uso wa yule mzee, andika jina la mkuu wa wilaya. Mama wa kitenge cha bluu awe mkurugenzi. Mtoto aliyepanda juu ya kiti mpe jina la mdogo wako wa Muscat, hajamaliza mchango. Diamond Platnumz anamfaa yule bibi anayepiga vigelegele. Fundi wa jenereta anatosha majina mawili, maana amesimama kiubavu, na mkono mmoja umebeba ndoo ya mafuta.